Shangazi, rafiki yangu amenifukuza kwenye mazoezi ya mchezo wangu mwenyewe

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtunzi, naishi Kisauni, Mombasa. Nimeandika vichekesho vyangu vya kwanza vya jukwaani: jamaa wanagombania nyumba ya urithi Mji wa Kale siku ya harusi, na ami yao ameificha hati ya nyumba ndani ya sufuria ya biriani. Anayeongoza ni rafiki yangu tangu skuli. Tumebakiwa na wiki 3 tufungue. Anayecheza ami ni maarufu kwa klipu zake za mtandaoni, na kila siku anachomeka utani wake, kama ule wa feri ya Likoni. Wenzake wanacheka, rafiki yangu anamwachia. Mimi nikawa nawavuta waigizaji kando mmoja mmoja, nawaambia warudi kwenye maneno yangu. Juzi rafiki yangu akaniambia mbele ya watu wote nisikanyage tena mazoezini. Juu ya hayo, fundi wa mandhari na dada wa mavazi hawasemezani: mlango una sentimita 75, gauni la bibi harusi na waya wake wa chini lina 110. Nimekuambatishia kurasa chache uone. Nichukue mchezo wangu niende zangu?
Mtunzi, Kisauni

Marahaba, mwanangu. Usiende popote. Barua yako nimeisoma mara mbili na sioni humo mtu mbaya hata mmoja. Naona watu wanaojituma, ila hakuna aliyewahi kuambiwa uamuzi upi ni wake na upi si wake.

Nianze na linalouma. Rafiki yako alikosea kukutoa mbele ya watu. Neno kama lile husemwa mlango umefungwa. Lakini kilichomfikisha pale ni huko kuwavuta waigizaji kando. Mwigizaji akiambiwa na mwongozaji "sema taratibu", kisha dakika 10 baadaye mtunzi akamnong'oneza "mbona unavuta maneno", hatamtii hata mmoja wenu. Atashika lile linalompunguzia kazi. Na akishajua kwamba maagizo yanatoka vinywani viwili, kila asilolipenda kwa mmoja atalipeleka kwa mwenziwe. Najua umeumia, maana umekesha na maneno yale. Hata hivyo, anayesema na waigizaji juu ya uigizaji wao ni mwongozaji peke yake.

Sikwambii unyamaze. Keti nyuma na daftari. Mchezo ukishapitishwa wote, andika mambo yasiyozidi 10, zito kuliko yote liwe juu, umpe mwongozaji usiku uleule au kesho yake asubuhi. Andika kilichotokea, dawa mwachie yeye. "Ukurasa wa 14 sikusikia habari ya biriani" itamsaidia. "Mwambie ami aache upuuzi" itamfanya amtetee ami. Mtu akisahau mstari au akigeuza neno, hilo ni la msimamizi wa jukwaa, anayefuatilia skripti kwa penseli na kumpa kila mwigizaji karatasi ya makosa yake mazoezi yakiisha. Kama hamna msimamizi wa jukwaa, mtafuteni kesho. Bila yeye, ugomvi wote utaishia mikononi mwa rafiki yako, na hapo ndipo anapopandwa na hasira.

Sasa tuje kwa ami, maana hapa pana kazi.

Kurasa ulizonitumia zinaonyesha kwamba mchezo umeujenga vizuri. Ukurasa wa 14 ami anakaribishwa chakula, anasema: "Mimi biriani sili tena. Daktari kanikataza." Mstari huo hauchekeshi, wala haupaswi kuchekesha. Ni mbegu. Ukurasa wa 52 sufuria inaletwa, na ami aliyekatazwa na daktari ndiye wa kwanza kuirukia kwa mikono miwili. Ukumbi utacheka ikiwa tu uliisikia ile mbegu. Na pale hasa, baada ya neno "biriani", ndipo kijana wako anapochomeka utani wake wa feri ya Likoni. Watu watacheka feri, "daktari kanikataza" itazama chini ya kicheko, na dakika 40 baadaye atakaporukia sufuria wataona mtu mwenye njaa tu. Amepata kicheko kimoja kidogo, ameua kikubwa, na hataona mwenyewe kwa kuwa vicheko hivyo viwili vimeachana mbali.

Msimlaumu bure. Mchezo wa kuchekesha ukifika wiki ya 3 ya mazoezi, hakuna anayeucheka tena chumbani. Wote wameshausikia mara nyingi. Mchekeshaji akikosa kicheko anaingiwa na hofu, na hofu humfanya aongeze chumvi. Wenzake nao wanacheka kwa sababu utani ni mpya kwao. Kicheko cha mazoezini kisiwe kipimo chenu.

Kipimo ni wageni. Alikeni watu 15 wasioujua mchezo kabisa, jirani, wanafunzi, yeyote. Waketisheni pamoja katikati, mbele, wasitawanyike, maana kicheko huambukiza na mtu aliyekaa peke yake hujizuia. Jioni ya kwanza ami aseme na utani wa feri. Jioni ya pili, kwa wageni wengine, aseme bila huo. Msimamizi wa jukwaa aweke alama pembeni mwa skripti: mstari mmoja kwa tabasamu, miwili kwa kicheko, mitatu kwa kicheko kilichomlazimu mwigizaji asimame. Kisha mwongozaji, ami na wewe mfungue ukurasa wa 52 kwenye nakala zote mbili. Mara nyingi karatasi hiyo humaliza ubishi ambao maneno ya mdomo yangeuzidisha.

Na kipaji chake msikifungie nje. Mpeni nafasi 2 au 3 mlizokubaliana: anapoingia onyesho la pili, na baada ya sufuria kufunguliwa, ambapo hakuna mbegu ya kuharibu. Kati ya mbegu na mavuno yake, asiongeze neno. Pia asibadili neno la mwisho ambalo fundi taa analisubiri kama ishara ya kuzima au kuwasha. Akilibadili, fundi wa watu atakaa na kidole kwenye swichi mpaka kesho. Utani utakaobaki uandikwe ndani ya skripti pamoja na tarehe, usemwe vilevile kila usiku. Siku 7 kabla ya kufungua, skripti ifungwe. Baada ya hapo mnaweza kupunguza, lakini hakuna kuongeza.

Jambo dogo kwenye ukurasa wa 53 linanikera kwa niaba yako. Umeandika: "Hati ya nyumba tumeila." Sawasawa kabisa; neno linalochekesha liko mwisho. Pembeni umeandika kwamba ami hutamka: "Tumeila hati ya nyumba jamani, wallahi tena." Neno lile likitangulia, watu wanaanza kucheka huku yeye bado anasema, kisha wanajikatiza wamsikilize, na kicheko kinafia njiani. Hilo mwandikie mwongozaji namba 1 kwenye daftari. Na ami afundishwe kusubiri: kicheko hupanda, hufika juu, huanza kushuka, na mstari unaofuata huingia pale kinapoanza kushuka. Akingoja kimya kabisa, mchezo umeshapoa.

Mvutano huu ni wa zamani, na ulishapata dawa. Carlo Goldoni, mtunzi wa Venice, alikuta waigizaji waliozoea kujibunia maneno yao wenyewe. Mwaka 1738 aliandika kikamilifu nafasi ya mhusika mkuu peke yake, wengine akawaacha wabuni. Mchezo wake wa kwanza wa kuchekesha ulioandikwa wote neno kwa neno ulikuja 1743. Miaka 5, mwanangu. Wewe una wiki 3, kwa hiyo chagua mistari unayoweza kuifia, na mingine iachilie.

Wakati mko kwenye sufuria: wasile wali wa kweli. Punje ya wali ikimwendea mtu njia mbaya, onyesho limesimama. Juu wekeni wali kidogo wa kuonekana, na sehemu atakayoila ami iwe ndizi mbivu iliyopondwa na kutiwa rangi ya chakula. Kijiko kimoja kinatosha.

Mlango na gauni. Hapa hakuna mkosaji, kuna vipimo ambavyo havikuwahi kukutana. Fundi alichora mlango, dada akachora gauni, na kila mmoja alifanya kazi safi. Msiitishe kikao cha kuuliza nani alianza. Leteni gauni lenyewe, avae anayelivaa, mwende hadi mlangoni na futi. Ukuta wa jukwaa kwa kawaida ni fremu ya mbao iliyowambwa marekani au plaiwudi nyembamba, hivyo kusogeza mhimili mmoja si kujenga upya. Fundi apanue nafasi ifike sentimita 90. Dada apunguze waya wa chini ufike 95, nao utajikunja kidogo bibi harusi akiubana kwa viganja anapopita. Kila mmoja ametoa, na hakuna aliyeambiwa kazi yake ni mbovu.

Fundi akiwa hapo hapo, aangalie mengine mawili. Unyevu wa pwani huvimbisha mbao, na mlango uliopita vizuri mchana waweza kukwama usiku wa kufungua. Aache mwanya wa milimita 5 kila upande, apake rangi hata kwenye kingo za juu na chini ambazo hakuna azionaye, maana maji huingilia huko. Tena mlango ufunguke kuelekea nyuma ya jukwaa, ili ubao wake usimfiche anayeingia. Ami anaubamiza mara 6 katika kurasa ulizonitumia, nimehesabu. Ukuta usioegemezwa kwa nyuma na kukandamizwa na mifuko ya mchanga utatikisika, na watu watacheka ukuta.

Dada naye ana shida ambayo hakuna aliyeiona bado. Bibi harusi anatoka amejifunga leso (khanga), anarudi na gauni, na katikati pana nusu ukurasa tu wa maneno, kama sekunde 30. Vifungo vidogo vya mgongoni haviwezekani. Vibaki vya urembo juu, chini yake vishonwe vya kubonyeza. Zile kanda za kunasa (velcro) zikibanduliwa hupiga kelele inayosikika hadi safu za nyuma. Atandikiwe leso safi sakafuni nyuma ya mlango, gauni liwe limefunguliwa juu yake kama duara, aingize miguu miwili, wasaidizi wawili walipandishe. Leso ile ndiyo itakayoliokoa pindo jeupe na vumbi. Taa iwe hafifu ya buluu. Wafanye mara 10 kwa saa ya mkononi kabla ya mazoezi ya mavazi, fundi wa mandhari akiwa ndiye anayeushika mlango. Watasemezana tu.

Tazameni na saa ya kuanza. Desturi ya majukwaa ya Uingereza, iliyoenea kwingi, ni kuita "nusu saa" dakika 35 kabla ya pazia, kwa kuwa waigizaji wanatakiwa mahali pao dakika 5 kabla. Mkianza saa 1:00 usiku, mwito huo unaangukia saa 12:25, na magharibi hapa Mombasa huwa kati ya saa 12:10 na 12:45 hivi kwa mwaka mzima. Nusu ya waigizaji watakuwa wanatawadha na nusu wanapakwa poda, kisha mgombane. Anzeni saa 1:30. Wanaovuka kutoka Likoni waitwe mapema zaidi, kwa kuwa foleni ya feri haina ahadi.

Kuhusu kuchukua mchezo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ulichokiandika ni chako tangu kilipoandikwa, hata bila kusajili; usajili kwenye Bodi ya Hakimiliki hukupa ushahidi. Ila ruhusa ya kawaida ya kuigiza inaweza kutolewa kwa mdomo, au hata kuonekana kwa mwenendo, na wewe umekaa ukitazama mazoezi haya bila kupinga mchezo kuigizwa. Kabla hujazungumza kuhusu kuondoka, muone wakili. Bora zaidi ni ukurasa mmoja mtakaotia saini wawili: jina lako kama mtunzi, maonyesho mangapi, malipo yako, nani anakubali mabadiliko ya maneno na kwa muda gani, na utani wa waigizaji utahesabiwa wa nani ukichapishwa.

Leo mtumie rafiki yako ujumbe, na usiuzidishe: "Nilikosea kuwavuta waigizaji kando, na nitalisema mbele yao. Ulivyonitoa mbele ya watu kuliniuma sana. Naomba dakika 40, sisi wawili tu, tupange nani anaamua nini. Nakuja na ukurasa wa 14 na wa 52."

Msikutane ukumbini, kila mtu atatega sikio. Nendeni bustani ya Mama Ngina, kule ufukweni, alasiri, mnunue mihogo, na umwache yeye asome kwanza.