Gramu 500 za unga ni vikombe vingapi?

Siku mbili kabla ya Idd niliharibu vileja vya sinia mbili. Vipimo nilitumiwa na binamu yangu aliyeko Uingereza, na huko kila kitu ni gramu: unga wa mchele 500, samli 250, sukari 200. Mizani sikuwa nayo. Nikasoma mahali kwamba kikombe cha unga ni gramu 125, nikachukua kikombe cha chai, nikachota vinne, nikajiona fundi. Vilipotoka kwenye oveni, ukikigusa tu kinabomoka. Mama alikishika kimoja kikammwagikia kwenye leso. "Mwanangu, hiki ni kileja au mchanga wa Nyali?"

Baadaye nilinunua mizani, na kitu cha kwanza kupima kilikuwa kile kikombe. Kiliingia gramu 195 za unga wa mchele. Mara nne ni 780! Samli ya nusu kilo ya unga ingeshikaje zote hizo?

Nilikosea mara tatu kwa mpigo. Kwanza, kikombe cha mapishi cha Wamarekani ni mililita 240 hivi, na kuna nchi zinazotumia 250. Changu cha chai ni 300. Pili, ile 125 ni ya unga wa ngano. Wa mchele ni mzito zaidi. Tatu, nilichota kwa kuchimba. Unga wa ngano ukiuchunga, ukautia kwa kijiko, kisha ukapitisha mgongo wa kisu juu ukawa wa mfuto, kikombe cha 240 huwa na gramu 120 hivi. Ukikichomeka kikombe ndani ya pakiti, unafika 150. Kikombe hichohicho, unga uleule. Sukari haina visa hivyo: ni 200, uichote utakavyo. Siagi ni kama 225.

Bibi yangu alipimia kibaba maisha yake yote na hakuharibu kitu, kwa sababu kibaba kilikuwa kimoja na kila kitu kilipita humo. Ukipika hivyo, ukubwa wa chombo si hoja. Shida ni mayai. Yai halijui kama kikombe chako ni kikubwa.

Kama huna mizani, pakiti ya dukani ndiyo mizani yako. Nunua unga wa kilo 2, ujaze kikombe kwa kijiko, ukimwaga kwenye beseni na kuhesabu vikombe vya mfuto mpaka unga uishe. Vikitoka 16, kikombe chako ni gramu 125. Vikitoka 13, ni kama 154. Fanya hivyo pia kwa sukari ya kilo moja. Unga wa mchele uliousagisha mwenyewe muombe muuza duka akupimie kilo moja, kisha uhesabu. Siagi usihangaike nayo vikombeni: ile ya gramu 500 ikate nusu, na nusu uikate tena, hiyo ni 125. Kujua ukubwa wa kikombe, chukua chupa ya maji ya nusu lita. Ikijaza viwili kamili, basi ni 250.

Vitu vidogo, kama hamira na chumvi, mizani ya jikoni hubahatisha, kwa hiyo hapo kijiko ni bora. Lakini vijiko vya chai navyo havilingani. Mimi natumia kile cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya watoto, kimeandikwa mililita 5, na ndicho kijiko kidogo cha mapishi. Vitatu ni kijiko kikubwa.

Hesabu zangu nimezibandika ndani ya mlango wa kabati. Kikombe chenyewe nimekitia alama ya rangi ya kucha kitakoni, maana kwetu ukiacha kikombe mezani, baada ya alasiri utakikuta kina chai ya mtu.