Usirudishe hedi kabla hujaipima

Juzi msomaji mmoja wa Mbeya ameniandikia: "Kaka, Corolla 110 yangu imeunguza gasketi ya hedi. Fundi anasema injini imekwisha, nitafute nyingine ya Japani. Unanishauri nini?" (Kwa asiyejua: hedi ni kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu, bloku ni mwili wa injini ulio chini yake, na gasketi ni kizibo chembamba kinachokaa kati ya viwili hivyo.) Nilisoma ujumbe huo nikiwa kibarazani kwangu hapa Kimara, gari langu likiwa mbele yangu. Limetembea kilomita 291,000 na injini ni ileile ya 5A-FE liliyokuja nayo. Mimi nami niliambiwa maneno hayohayo miaka miwili iliyopita, na sijayasahau. Kwa hiyo jibu langu litakuwa refu.

Yangu yalianzia mlima Kitonga. Tulikuwa tunakwenda Iringa kumzika baba mdogo, watu watano na mizigo. Katikati ya mlima mshale wa joto ukaanza kupanda. Niliuona. Nalisema hili wazi kwa sababu wengi wetu huwa tunalificha: niliuona na sikusimama. Niliogopa tutachelewa mazishi, na malori yalikuwa yamejipanga nyuma yangu. Tulipofika Ilula, pale kwenye mafungu ya nyanya na vitunguu, mvuke ulikuwa unatoka kwenye boneti na injini imeanza kugonga. Kilomita zile za ubishi ndizo zilizoniponza. Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, bloku ni chuma. Zikipata joto, aluminiamu hutanuka zaidi, na gasketi iko katikati inasuguliwa. Joto likipita kiasi hedi inapinda, na hedi ikishapinda gasketi haina pa kushika.

Kabla ya mlima kulikuwa na dhambi ya miaka mingi: maji ya bomba. Sikuwahi kuweka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Maji matupu yanaleta kutu ndani ya bloku, kutu inakwenda kuziba vijia vya rejeta, na mtu unaendelea kuzunguka mjini bila kujua chochote mpaka siku utakapokutana na mlima.

Gari lilirudi Dar juu ya lori. Nikalipeleka gereji moja ambayo sitaitaja, nikalipa laki mbili na nusu, nikakabidhiwa kesho yake jioni. Siku moja tu! Nilifurahi, na kumbe ile haraka ndiyo iliyopaswa kunitia wasiwasi. Wiki ya tano maji yakaanza kupungua bila tone kuonekana chini. Asubuhi moja nikafungua kifuniko cha oili, nikakuta rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia kwenye oili. Niliporudi pale mwenye gereji akaniambia mbele ya vijana wake, "Mwalimu, hiki ni chuma chakavu, na wewe gari hujui kuendesha." Nikauliza kama hedi ilipimwa kabla ya kurudishwa. Wakacheka, nikaondoka bila kuaga. Mpaka leo kicheko kile nakisikia kila ninaposhika spana.

Ndipo nikaamua kuifungua mwenyewe, nyumbani, chini ya mwembe. Nafundisha hesabu sekondari na sikuwahi kusomea ufundi, lakini kupima najua. Ilinichukua wikiendi tatu.

Kazi ya kufungua sitaieleza yote, utaiona mwenyewe. Piga picha kila hatua, bandika karatasi kwenye kila waya na kila mpira, bolti za kila sehemu zikae kwenye kopo lake. Kuna mahali pamoja tu pa kusimama na kuvuta pumzi. Mkanda wa taiming unazungusha kemshafti moja (fimbo inayofungua vali), na ya pili inazungushwa kwa gia. Gia hiyo ina pacha yake iliyobanwa kwa springi, kwa hiyo kabla ya kuing'oa zifunge mbili hizo pamoja kwa bolti ndogo ya milimita 6, la sivyo pacha itaruka na kurudisha mahali pake ni taabu. Vifuniko vya kemshafti navyo vilegeze kidogokidogo kwa zamu, ishuke ikiwa imelala sawa. Ukiiachia iinuke upande mmoja inaweza kuvunja hedi palepale. Bolti kumi za hedi zifunguliwe injini ikiwa baridi kabisa, ukianzia za pembeni kuelekea katikati.

Hedi ilipotoka nikaona mikwaruzo ya mviringo kwenye uso wake wa chini. Ilikuwa imepitishwa mashine ya msasa kwa mkono. Nikaisafisha, nikalaza rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana, kisha kona kwa kona, nikawa napitisha chini yake vibati vya kupimia, vyembamba, kila kimoja na unene wake. Mwisho unaoruhusiwa kwenye injini hii ni milimita 0.05. Kati ya silinda ya pili na ya tatu kibati cha 0.15 kilipita bila kugusa popote.

Nilikaa chini. Mara tatu ya kipimo! Gasketi yao, hata ingekuwa ya dhahabu, isingeshika. Na mtu huyohuyo ndiye aliyeniambia sijui kuendesha.

Nikaipeleka karakana yenye mashine, wakaijaribu kwa shinikizo kuona kama ina ufa, haikuwa nao, wakakwangua uso wake ukanyooka. Niliporudi nayo nikaweka rula tena, ingawa risiti ilisema kazi imekamilika. Na bloku pia ipime.

Sasa kosa langu mwenyewe. Wakati wa kukaza, bolti moja iligoma mapema kuliko wenzake. Nikafungua, nikakuta maji chini ya tundu. Nilisafisha bloku vizuri na matundu nikayasahau. Maji hayabanwi: torki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, inakwambia imefika, kumbe bolti inasukuma maji, na ukilazimisha unapasua bloku. Nikang'oa hedi yote. Gasketi ilikuwa imeshabanwa kidogo, nikaiweka kando na kwenda Kariakoo kununua nyingine. Mke wangu aliuliza mara moja tu, "Hiyo haifai kabisa?" Nikamwambia haifai.

Kukaza anzia katikati kwenda pembeni. Bolti fupi za milimita 90 ni za upande wa inteki (hewa inakoingilia), ndefu za 108 upande wa ekzosti (moshi unakotokea), zipake oili kidogo kwenye nyuzi. Raundi ya kwanza torki renchi isome Nm 29, kisha weka alama ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti, zungusha digrii 90, yaani robo mzunguko, halafu digrii 90 nyingine. Usipake silikoni kwenye gasketi ya hedi.

Kijana wangu ndiye aliyewasha. Nilikuwa nimejaza kulanti, hita imefunguliwa mpaka mwisho, kifuniko cha rejeta kiko mkononi mwangu. Mapovu yalitoka kwa dakika kadhaa, yakakoma. Feni ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Sikusema neno.

Ndugu zangu, tuache kuharakisha mafundi na mafundi waache kutuharakisha. Unayemsukuma amalize leo ndiye atakayeruka kipimo. Na fundi asiyekuwa na rula usimpe hedi yako, hata kama ni shemeji yako. Mpe muda, msimamie, mwambie akupimie ukiwa umesimama pale.

Kaka wa Mbeya, injini usilipie bado. Kama kabla ya kuchemsha gari lilikuwa halili oili wala halitoi moshi wa bluu, fungua hedi kwanza uangalie kuta za silinda. Zikiwa na michirizi inayokwama kucha, fundi wako ana haki na mimi nitanyamaza. Hedi ikiwa na ufa kati ya vali, tafuta hedi ya mtumba, siyo injini nzima. Kama ni kupinda tu, safisha, weka rula, halafu niandikie namba uliyopata. Yangu ilikuwa 0.15.