Mwenzetu anatania kwamba mtu "ataokotwa": niripoti au ninyamaze?

SWALI: Kuna mwenzetu wa stoo ambaye utani wake umeanza kunitia hofu. Mwanzoni yalikuwa matani ya kuwasema wanawake kwenye grupu letu la WhatsApp la kazini. Watu wakacheka, nami nikapuuza. Siku hizi amehamia kwingine. Juzi dada wa uhasibu alimrudishia fomu ya malipo kwa mara ya pili, akamwambia, "Ukiirudisha tena utaokotwa kwenye maegesho." Ofisi nzima ikacheka. Yule dada naye alicheka, ila tangu siku hiyo anaomba asindikizwe akitoka jioni. Nikimwambia bosi nitaitwa mbeya, nikinyamaza sina amani. Je, utani kama huu unaripotiwa, au tusubiri mpaka afanye kitu?

JIBU: Ndugu msomaji, unaripotiwa, na usisubiri.

Nikutoe kwanza wasiwasi unaowakwamisha wengi: hudaiwi kuthibitisha kwamba jamaa alidhamiria alichosema. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2019 Mkataba namba 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, ukaanza kutumika mwaka 2021. Humo vitisho vimehesabiwa pamoja na vitendo vyenyewe, tukio la mara moja linatosha, na kinachoangaliwa ni pamoja na madhara yaliyotokea au yanayoweza kutokea, hata kama mhusika hakuyakusudia. Mawasiliano ya kikazi kwa simu na mtandao nayo yamo. Si kila nchi imeuridhia mkataba huo, lakini hata pale usipokuwa sheria, kipimo chake kitakusaidia kuliko kubishana kama jamaa alikuwa anatania. Dada anaomba kusindikizwa. Madhara tayari yapo.

Umeniletea mambo mawili kwa pamoja, nami nayatenganisha kwa sababu hayashughulikiwi kwa njia moja.

Matani ya kuwadhalilisha wanawake unaweza kuanza nayo wewe mwenyewe. Akituma tena, jibu palepale kwa sentensi moja: "Hii sijaipenda, naomba usiilete humu." Usiweke katuni ya kucheka mwishoni ili kulainisha, ukiiweka umeifuta kauli yako. Akikuuliza mbona huna utani, usijitetee, rudia ulichosema. Akiendelea, hifadhi picha za skrini zenye tarehe uzipeleke kwa msimamizi. Na usidhani ni jambo dogo kwa kuwa ni maneno tu. Mwaka 2008 mwanasaikolojia wa Marekani Thomas Ford na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanaume waliokuwa tayari na uadui kwa wanawake, baada ya kupewa vichekesho vya kuwadharau, walikubali kulichangia shirika la wanawake pesa kidogo kuliko wenzao waliopewa vichekesho vya kawaida. Mwenye chuki anaposikia wenzake wanacheka, anajua hapo panaruhusiwa.

Ile kauli ya maegesho ni jambo jingine. Hiyo usimfuate ukamhoji, na hasa usimfuate ukiwa peke yako. Iangalie vizuri: ina mtu anayelengwa, ina sababu (fomu), ina mahali. Utani wa kawaida wa "leo nitaua mtu kwa hii kazi" haumlengi yeyote wala hauna mpango. Huu umeanza kupata umbo, na jinsi unavyozidi kuwa na maelezo ndivyo unavyostahili kuangaliwa haraka: akitaja siku au silaha, akiwa ametoka kupewa onyo au kunyimwa kitu anachoona ni haki yake, akianza kumfuatilia yule dada, au tabia yake ikibadilika ghafla.

Sisemi jamaa ni muuaji. Wengi wanaotamka maneno kama hayo hawafanyi lolote, na usimpachike ugonjwa wa akili kwenye malalamiko yako. Hiyo si kazi yako wala yangu. Ila wanaofanya mara nyingi huwa wamedokeza. Serikali ya Marekani ilipochunguza mashambulizi 37 ya shuleni, katika ripoti ya mwaka 2002, iligundua kwamba katika asilimia 81 ya matukio hayo kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua mapema kwamba mshambuliaji anawaza au anapanga jambo. Shule si ofisi, lakini waliosikia wakanyamaza wako kila mahali, na wengi hunyamaza kwa hofu hiyohiyo uliyo nayo.

Sasa andika, leo, kabla kumbukumbu haijachakachuliwa na mazungumzo ya watu. Ukiandika "jamaa ni mkorofi na anatishia watu", umempa bosi maoni yako. Andika hivi: "Jumanne, saa nne na robo asubuhi, mbele ya dirisha la uhasibu. Alirudishiwa fomu. Alisema, 'Ukiirudisha tena utaokotwa kwenye maegesho.' Mkononi alikuwa na kisu cha kukatia maboksi. Walikuwepo watu wanne, wote walicheka. Aliyeambiwa alicheka, akafunga dirisha, hakurudi mpaka baada ya chakula." Kisu kitaje tu kama kweli kilikuwepo. Maneno yaandike kama yalivyotoka mdomoni, na kicheko pia kiandike, maana atakayesoma ataelewa mwenyewe kwamba mtu aliyetishwa mbele ya umati hucheka ili aondoke salama.

Kabla ya kupeleka, zungumza na yule dada faraghani. Mwulize alivyoichukulia ile kauli, mweleze kwamba unaripoti. Asishtukizwe. Akikusihi uache, mwelewe, lakini kitisho dhidi ya mtu mmoja ni hatari kwa kila aliye kwenye jengo, kwa hiyo ripoti kama shahidi wa ulichosikia bila kumsemea yeye.

Peleka kwa msimamizi au idara ya rasilimali watu, kwa maandishi, ubaki na nakala. Omba mambo mawili waziwazi: jina lako lisitajwe kwa mhusika kadiri inavyowezekana, na yule dada awekewe utaratibu wa usalama wakati suala linachunguzwa. Wakitaka kuwaketisha wawili hao meza moja "yaishe", kataa kwa heshima. Usuluhishi unafaa kwa waliogombana. Aliyetishwa hana la kupatana na aliyemtisha, na kikao hicho kinaweza kumwongezea hatari. Mhusika naye ana haki ya kuitwa peke yake akasikilizwa, na huenda akakemewa, akajirekebisha, kazi ikaendelea.

Kuhusu kuitwa mbeya: mbeya hueneza habari kwa wasiohusika. Wewe unaipeleka mahali pamoja, kwa mwenye wajibu wa kuifanyia kazi, na baada ya hapo usiizungumze kwenye korido. Ukianza kulipiziwa kisasi, kwa kubadilishiwa zamu au kutengwa, hilo ni lalamiko jipya, liandike vilevile.

Na ikitokea akataja siku, akaja na silaha, au akaanza kumsubiri yule dada nje, usitume barua pepe ukangoja majibu. Ondokeni eneo hilo, mpigie walinzi wa jengo au polisi, kisha ndipo umjulishe bosi.