Subui ya Pointi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni jambo gani kuhusu mbio za magari ya langalanga ambalo mashabiki wengi hawalijui?" Jibu langu ni kwamba pointi za ubingwa wa dunia wa Formula 1 haziji nzima siku zote. Zimewahi kukatwa nusu mara kadhaa, na mara moja pointi iligawanywa vipande saba.

Ninafundisha hisabati darasa la tano hapa Morogoro. Nusu na robo watoto wanakuja nazo kutoka nyumbani, maana wametumwa dukani robo ya sukari na nusu lita ya mafuta tangu wakiwa wadogo. Theluthi wanaikubali. Baada ya hapo majina yanawapotea: humusi, sudusi, subui, thumni. Hakuna mtoto aliyewahi kutumwa subui ya kitu. Kwa hiyo tukifika kwenye moja ya saba, huwapeleka Silverstone, Uingereza, tarehe 17 Julai 1954.

Wakati huo mshindi alipewa pointi 8, wa pili 6, wa tatu 4, wa nne 3 na wa tano 2. Juu ya hizo kulikuwa na pointi 1 ya dereva aliyekimbia mzunguko mmoja kwa kasi kuliko wenzake wote. Siku ile wapima muda walihesabu sekunde nzima tu, bila vipande vyake. Mbio zilipokwisha, hesabu yao ikaonyesha kwamba madereva saba walikuwa na muda bora uleule wa dakika 1 na sekunde 50: Fangio, González, Ascari, Moss, Hawthorn, Behra na Marimón. Pointi ni moja, wenye haki ni saba. Wakaigawa, kila mtu akaondoka na subui yake.

Ukitazama msimamo wa mwisho wa mwaka ule utamkuta Stirling Moss wa Uingereza ana pointi 4 na subui, na Onofre Marimón wa Argentina naye ana pointi 4 na subui. Marimón alizipata zote siku hiyohiyo ya Silverstone, kwa kuwa alimaliza wa tatu. Wiki mbili baadaye, tarehe 31 Julai, akafa kwenye mazoezi ya Nürburgring, Ujerumani. Moss aliishi hadi 2020, akafikisha miaka 90. Hesabu yao ya mwaka 1954 inalingana mpaka kwenye kile kipande cha mwisho.

Kuna atakayesema ni uzembe wa saa za zamani. Basi na aende Jerez, Hispania, mwaka 1997, wakati muda ulikuwa ukipimwa hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Katika kupanga nafasi za kuanzia, Jacques Villeneuve, Michael Schumacher na Heinz-Harald Frentzen walikimbia dakika 1, sekunde 21 na sehemu 72 za elfu. Wote watatu, bila tofauti yoyote. Wakapangwa kwa kufuata nani alitangulia kuuweka muda ule, na Villeneuve akaanza mbele.

Kabla ya mwaka 1958 pointi ziligawanywa kwa sababu nyingine, nayo ndiyo inayonigusa zaidi. Gari lako likiharibika katikati ya mbio, uliruhusiwa kuingia katika gari la mwenzako wa timu, na mliyoyavuna mkagawana. Mwaka 1951 huko Reims, Ufaransa, gari la Juan Manuel Fangio lilileta matatizo, na timu yake ya Alfa Romeo ikamwagiza Luigi Fagioli ampishe usukani. Fangio akashinda. Pointi 8 za ushindi zikawa 4 kwa 4. Fagioli alikuwa na miaka 53, na hadi leo hakuna aliyeshinda mbio za ubingwa wa dunia akiwa na umri mkubwa kuliko ule. Rekodi hiyo aliipata siku aliyoamriwa kushuka garini. Alikasirika sana, na hakukimbia tena Formula 1.

Aliyeshuka bila kuamriwa ni Peter Collins. Ni Monza, Italia, Septemba 1956, mbio za mwisho za msimu. Fangio, wakati huo akiwa Ferrari, usukani wake uliharibika akabaki amesimama kwenye kituo cha timu. Luigi Musso, ambaye Januari ya mwaka huohuo alimpisha Fangio huko Argentina wakagawana ushindi, safari hii alikataa. Kisha akaingia Collins kubadilisha matairi. Alikuwa kijana wa miaka 24, na kwa hesabu ya siku ile bado alikuwa na nafasi ya kuwa bingwa wa dunia yeye mwenyewe. Alipomwona Fangio amesimama pale, akashuka, akampa gari. Gari lile likamaliza la pili, pointi 6 zikawa 3 kwa 3, na Fangio akatwaa ubingwa wake wa nne.

Collins aliona kwamba bado ana miaka mingi mbele yake. Hakuwa nayo. Alikufa kwa ajali ya mbio za Nürburgring tarehe 3 Agosti 1958, hajawahi kuwa bingwa. Mimi kila ninapoona madereva wa siku hizi wakikataa kupishana na wenzao wa timu moja kwa ajili ya nafasi ya saba, namkumbuka Collins, na ninaona kwamba mchezo huu haujawahi kumlipa deni lake.

Sasa, nilitaka kubaki kwenye vipande tu, lakini mwaka huo wa 1958 una pointi moja nzima ambayo siwezi kuipita. Wiki tatu baada ya kifo cha Collins mbio zilikuwa Porto, Ureno. Moss aliongoza. Nyuma yake alikuwa Mike Hawthorn, rafiki mkubwa wa marehemu, ambaye aliweka muda bora wa mzunguko na kujipatia ile pointi ya kasi. Timu ya Moss ikamwandikia habari hiyo ubaoni kwa kifupi: HAWT REC, yaani Hawthorn ameweka rekodi. Akiwa katika kasi ile, Moss aliisoma C kama G: REG, kifupi cha neno la Kiingereza "regular". Akaelewa kwamba Hawthorn anakwenda mwendo wa kawaida, asione sababu ya kujisumbua kuurudisha muda ule.

Mwishoni Hawthorn aliteleza, gari likazimika, akahangaika kuliwasha kwa kulisukuma kwenye mteremko, kinyume na uelekeo wa mbio. Wasimamizi wakataka kumfuta. Aliyekwenda kumtetea ni Moss, mpinzani wake katika ubingwa. Aliwaambia kwamba Hawthorn alikuwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, hakuwa ndani ya barabara ya mbio. Wakamkubalia, na Hawthorn akabaki na pointi zake 7.

Mbio za mwisho za mwaka huo zilikuwa Afrika: Ain-Diab, Casablanca, tarehe 19 Oktoba. Hiyo ndiyo mara pekee Morocco kuandaa mbio za ubingwa wa dunia, na mpaka leo nchi nyingine ya bara hili iliyoziandaa ni Afrika Kusini peke yake. Moss alifanya kila alichotakiwa kufanya. Alishinda na kuweka muda bora wa mzunguko. Lakini Phil Hill, mwenzake Hawthorn katika timu ya Ferrari, alimpisha Hawthorn akamaliza wa pili, na hiyo ikatosha. Hawthorn 42, Moss 41. Moss alikuwa ameshinda mbio nne msimu ule, Hawthorn moja tu.

Fanya hesabu kama ninavyowafanyisha wanafunzi. Mwaka ule yalihesabiwa matokeo sita bora ya kila dereva. Mnyang'anye Hawthorn pointi 7 za Porto, umwekee matokeo yake mengine yanayofuata kwa ubora, yale ya pointi 4 za Argentina: anabaki na 39, Moss bingwa. Au muache na nafasi yake ya pili, ila ile pointi ya kasi mpe Moss: Moss 42, Hawthorn 41. Yaani ushahidi wa Moss mwenyewe, au herufi moja ubaoni, chochote kati ya hivyo viwili kingetosha kugeuza ubingwa. Moss alimaliza wa pili miaka minne mfululizo, na hakuwahi kuwa bingwa. Hawthorn alistaafu papo hapo, na Januari 1959 akafa kwa ajali ya barabarani.

Tuje kwenye nusu. Kanuni ilikuwa kwamba mbio zikikatishwa mapema mno, pointi zinatolewa nusu. Ubelgiji mwaka 2021 magari yalizunguka mvuani nyuma ya gari la usalama, lile linalotangulia kuwapunguzia mwendo, hakuna aliyempita mwenzake, na Max Verstappen akapewa 12.5. Watazamaji walikuwa wamelowa tangu asubuhi. Sikuona haki yoyote ndani yake, na kanuni ilibadilishwa kwa msimu uliofuata.

Nusu iliyouma zaidi ni ya Monaco, tarehe 3 Juni 1984. Mvua ilikuwa kubwa. Alain Prost wa McLaren aliongoza, na nyuma yake alikuwa anakuja kijana mgeni, Ayrton Senna, katika gari dhaifu la Toleman, akimkaribia kila mzunguko. Prost alipunga mkono kuonyesha kwamba mbio zisimamishwe. Baada ya mizunguko 31 bendera nyekundu ikatolewa, Prost akatangazwa mshindi. Badala ya pointi 9 akapata 4.5. Watu wengi husimulia siku ile kwa ajili ya Senna. Mimi huisimulia kwa ajili ya kilichotokea miezi minne baadaye, tarehe 21 Oktoba, Estoril, Ureno. Prost alishinda mbio za mwisho. Mwenzake wa timu, Niki Lauda, ambaye Monaco aliteleza akatoka bila kitu, aliingia wa pili baada ya Nigel Mansell kuharibikiwa. Jumla ya mwaka: Lauda 72, Prost 71.5. Ni nusu pointi, tofauti ndogo kuliko zote zilizowahi kumtenga bingwa na wa pili.

Prost alikuwa ameshinda mbio saba mwaka ule, Lauda tano. Na sasa chukua kalamu. Kama mbio za Monaco zingeachwa ziishe na Senna akampita, Prost angepata pointi 6 kamili za nafasi ya pili. Toa 4.5, weka 6: anafika 73. Angeshindwa siku ile, angekuwa bingwa wa dunia wa 1984. Nimeandika hesabu hii ubaoni mara nyingi, na kila darasa hukaa kimya kidogo kabla ya mikono kuanza kunyanyuka.

Nusu ninayoipenda kuliko zote ni ndogo zaidi. Ni ya Lella Lombardi, Muitaliano, binti wa mwenye bucha, aliyejifunza udereva kwa kuendesha gari la kusambazia nyama za familia. Tarehe 27 Aprili 1975 alikimbia Montjuïc, barabara za mlimani ndani ya jiji la Barcelona. Wikiendi ile madereva walikuwa wamegoma, kwa sababu vyuma vya kingo havikuwa vimefungwa sawasawa. Mafundi wa timu walizunguka wenyewe wakikaza boliti. Bingwa mtetezi, Emerson Fittipaldi, alizunguka polepole kutimiza wajibu, akaenda nyumbani. Alikuwa sahihi. Bawa la nyuma la Rolf Stommelen, aliyekuwa akiongoza, lilivunjika, gari likaruka juu ya kingo, watu waliokuwa ng'ambo ya pili wakafa. Mbio zilisimamishwa katika mzunguko wa 29 kati ya 75. Lombardi alikuwa wa sita. Nafasi ya sita ilikuwa na pointi 1. Alipewa 0.5.

Hadi leo hakuna mwanamke mwingine aliyepata pointi, wala kipande cha pointi, katika ubingwa huo. Walioanza mbio ni wawili tu, Lombardi na Maria Teresa de Filippis aliyemtangulia mwaka 1958. Mwafrika wetu Desiré Wilson, wa Afrika Kusini, alishinda mbio za magari ya Formula 1 za mashindano ya Uingereza huko Brands Hatch mwaka 1980, mwanamke pekee kufanya hivyo, lakini mbio zile hazikuhesabiwa katika ubingwa wa dunia. Lombardi alifariki mwaka 1992, akiwa na miaka 50.

Muhula uliopita nilipomaliza kisa hiki, msichana mmoja wa dawati la nyuma alinyanyuka akauliza: "Mwalimu, na ile nusu nyingine alipewa nani?" Nikamwambia hakupewa mtu. Akaja ubaoni, akatoa 29 kwenye 75, akaandika 46, akaizungushia duara.