Spirited Away kwa mtazamaji mzima
Kwa aliyeuliza kama Spirited Away, filamu ya katuni ya Hayao Miyazaki iliyotoka Japani mwaka 2001, itamchosha mtu mzima anayeitazama pamoja na wanawe, nadhani huenda yeye akaifurahia kuliko wao. Watoto watafuata vituko vya Chihiro, msichana wa miaka 10 ambaye wazazi wake wamegeuzwa nguruwe kwa ulafi wao; mzazi naye ataona humo habari za ajira, kwa kuwa mtoto huyo analazimika kuwatumikia mizimu katika nyumba ya kuogea, chini ya mchawi anayempokonya hata jina lake. Walio wadogo sana, kwa kweli, wanaweza kuogopa zimwi lenye kinyago linapoanza kumeza wafanyakazi.