Toleo Refu la Filamu: Ununue au Uache?

Msimu wa minada ya korosho ukifunguka, barua za kuulizia filamu na vifaa vya kuchezea huongezeka. Safari hii nyingi zimezungukia jambo moja: makasha ya filamu za fantasia yanayouzwa kwa ajili ya nyumbani, yenye dakika nyingi kuliko zile zilizoonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Humu tunayaita toleo refu, na lile la kwanza tunaliita toleo la sinema.

Mhariri, nimeuza korosho na nataka nijinunulie kasha la The Lord of the Rings, toleo refu. Filamu zote tatu nimeshaziona kwenye kibanda umiza. Jirani yangu anasema ni kutupa hela, kwamba vilivyoongezwa ni vipande vibovu vilivyokatwa. Anasema kweli? (Msomaji, Masasi)

Hasemi kweli, ingawa anapata kidogo. Kwanza dakika zenyewe. Filamu ya kwanza, ya mwaka 2001, ina dakika 178 sinema na 208 kwenye toleo refu. Ya pili inatoka 179 hadi 223. Ya tatu inatoka 201 hadi 251. Ukijumlisha zote, unaongezewa saa mbili na dakika nne. Kava la kasha la Blu-ray (diski zenye picha kali kuliko DVD) litakuandikia jumla ya dakika 726, usishtuke: takriban dakika 44 kati ya hizo ni orodha ya majina ya wanachama wa klabu ya wapenzi wa filamu, yanayopita mwishoni huku muziki ukipigwa.

Vipande hivyo havikuokotwa sakafuni na kubandikwa. Mwongozaji Peter Jackson alizihariri upya filamu hizo kwa ajili ya nyumbani, picha za kompyuta zikamaliziwa, na Howard Shore akatunga muziki wa kuziba kila sehemu mpya. Ndiyo maana ukitazama huoni mshono.

Sasa, zinaongeza nini? Hapo filamu hazilingani. Ya pili ndiyo inayofaidika kuliko zote, kwa maoni yetu. Kwenye toleo la sinema, nahodha Faramir anaonekana mtu mgumu asiye na sababu: anamkamata Frodo, yule mbeba pete, anataka kumpeleka kwa baba yake, basi. Toleo refu linaturudisha nyuma hadi mji wa Osgiliath, tukamwona na kaka yake Boromir wakifurahia ushindi, kisha baba yao anaingia na kummwagia sifa mmoja huku akimdharau mwenzake. Baada ya tukio hilo kila anachofanya Faramir kinaeleweka, na hata kifo cha Boromir kwenye filamu ya kwanza kinakuuma upya. Huwezi kukiita kipande kibovu.

Kwenye filamu ya kwanza, faida kubwa ni zawadi ambazo Galadriel anawagawia wasafiri. Vitu hivyo vinaonekana baadaye, na aliyetazama toleo la sinema hujiuliza vingine vilitoka wapi. Kwenye ya tatu, mchawi Saruman anapata mwisho wake. Toleo la sinema lilimfungia mnarani likamsahau, na Christopher Lee aliyemwigiza hakuficha kwamba hakupendezwa.

Jirani yako anapata hapa: filamu ya tatu ina nyongeza zinazoharibu. Toleo la sinema linamwonyesha Aragorn akiliomba jeshi la wafu limsaidie, kisha picha inakatwa kabla ya jibu. Mtazamaji anakaa na wasiwasi mpaka meli zinapotia nanga na wafu wanamwagika kutoka ndani. Toleo refu linaonyesha mfalme wa wafu akikubali mapema, baada ya mafuriko ya mafuvu yasiyo na kazi yoyote, na mshangao wote unakufa. Jackson mwenyewe amekwisha kusema kwamba toleo la sinema ndilo analolihesabu kuwa kamili, na hili refu ni zawadi kwa wapenzi. Kwa hiyo aliyekwisha kuziona, kama wewe, anunue toleo refu bila wasiwasi. Anayeanza leo aanze na la sinema.

Kuhusu kasha gani ununue, angalia TV yako kwanza. Kama ni ya inchi 32 ya kawaida, kasha la 4K (picha kali kuliko Blu-ray) la mwaka 2020 litakula pesa yako bila kukuonyesha tofauti, na linahitaji deki yake maalumu ya 4K. Halafu lina diski 9 za filamu tu, matoleo yote mawili, bila zile diski za nyuma ya pazia. Kasha la Blu-ray la mwaka 2011 lina diski 15, na 9 kati yake ni DVD za jinsi filamu zilivyotengenezwa: mavazi, silaha, vijiji vya kuigiza, muziki. Kwa mtu anayependa ufundi, hizo peke yake zinatosha kuhalalisha bei. Kasoro yake ni rangi: filamu ya kwanza kwenye kasha hilo ina ukijani uliotanda picha nzima, na utauona hasa kwenye theluji mlimani. Kasha la 4K lilisahihisha rangi hiyo. Makasha ya DVD ya miaka 2002 hadi 2004, diski nne kwa kila filamu, yanatosha kabisa kwa TV ndogo, na kwa waliotumia tayari huuzwa rahisi.

Ukiagiza kutoka nje, ongeza kwenye bajeti nauli ya kifurushi, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Wengi husahau hilo wakakwama wakati wa kuchukua mzigo.

Shangazi yangu aliyeko Uingereza amenitumia DVD ya toleo refu la filamu ya kwanza. Naambiwa ni dakika 208, lakini deki inaonyesha kama 200 hata bila majina ya mwisho. Ameuziwa feki? (Msomaji, Mtwara Mjini)

Hapana, mshukuru shangazi. Filamu hupigwa kwa picha 24 kila sekunde. DVD za Ulaya hufuata mfumo wa PAL, unaoenda kwa picha 25 kila sekunde, na watengenezaji huiharakisha filamu ili iingie humo. Kwa hiyo muda unapungua kwa asilimia 4: dakika 208 zinakuwa karibu 200, 223 zinakuwa 214, na 251 zinakuwa 241. Hakuna tukio lililokatwa. Sauti nayo hupanda kidogo, lakini asiyeambiwa hagundui. Blu-ray huchezwa kwa picha 24, hivyo muda wake haupungui.

Jambo la kuangalia zaidi ni namba ya kanda, ile iliyo ndani ya mchoro mdogo wa dunia nyuma ya kava. DVD ya Uingereza ni kanda ya 2, ya Marekani ni kanda ya 1, na Tanzania iko kanda ya 5. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani kwetu husoma kanda zote, lakini usikisie: kabla ya kulipia deki, nenda dukani na diski yako uicheze pale pale. Ukitumia laptop, kuwa mwangalifu. Kisomaji chake hukuruhusu kubadilisha kanda mara 5 tu, na ya mwisho inabaki hapo daima. Kwa Blu-ray, Tanzania iko kanda B pamoja na Uingereza, kwa hiyo kasha la Marekani lenye herufi A pekee linaweza kugoma. Diski za 4K hazina kanda.

Diski ya Marekani ikikupa picha isiyo na rangi au inayopandapanda, hiyo ni NTSC, mfumo wa picha wa Marekani. Ingia kwenye mipangilio ya deki, sehemu ya mfumo wa TV, uiweke kwenye Auto au Multi.

Muuza muvi ananiuzia diski moja yenye filamu 20, anasema zote ni toleo refu. Akiniwekea kwenye flashi, faili linagoma ingawa flashi ina GB 32 na haina kitu. Tatizo nini? (Msomaji, Nachingwea)

Matatizo ni mawili, tuanze na la flashi maana ni jepesi. Flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, na huo haupokei faili moja linalozidi GB 4, hata nafasi iwe tele. Filamu ya saa nne yenye picha nzuri huzidi hapo. Ifomati kwa exFAT au NTFS, ukikumbuka kwamba kufomati kunafuta vyote vilivyomo. Kabla ya hapo soma kitabu cha TV yako, kwa sababu TV na ving'amuzi vingine husoma FAT32 peke yake. Ikiwa ndivyo, filamu igawanywe vipande viwili.

Hiyo diski ya filamu 20 achana nayo. DVD ya tabaka moja ina GB 4.7. Gawanya kwa 20: kila filamu inapata MB 235. Kasha halisi la The Lord of the Rings linaipa filamu moja diski mbili nzima, kila moja ya tabaka mbili, GB 8.5. Ukibana kiasi hicho, matukio ya mchana yatavumilika, lakini wasafiri wa filamu ya kwanza wakiingia kwenye migodi ya Moria, giza lote linageuka miraba inayochezacheza na hutaona uso wa mtu. Na kopi hizo hazimlipi hata senti aliyefanya kazi ile.

Kujua kama kweli ni toleo refu, usiamini kava. Weka filamu ya kwanza uangalie baada ya ule utangulizi wa vita. Toleo refu linakupeleka kwa mzee Bilbo akiandika kitabu na kueleza maisha ya hobiti, wale watu wafupi. Ukiona moja kwa moja Frodo chini ya mti na Gandalf anakuja na mkokoteni, hilo ni la sinema.

Huku kwetu natumia sola: betri moja ya Ah 100, volti 12. Filamu ya dakika 251 itaisha kabla ya betri? (Msomaji, Liwale)

Itaisha. TV ya LED ya inchi 32 hula kama wati 50, deki kama 15. Wati 65 kwa saa 4.2 ni Wh (wati-saa) 273. Inveta nayo hupoteza karibu asilimia 15, kwa hiyo betri itatoa kama Wh 320. Betri yako imebeba Wh 1,200, lakini kama ni ya asidi usiivute zaidi ya nusu, yaani 600, la sivyo unaifupishia maisha. Filamu moja inaingia na taa zinabaki. Mbili mfululizo, ya pili na ya tatu, zinafika Wh 600 kamili, na taa ulizowasha zitakuvusha mpaka. Usijaribu, hasa siku ya mawingu.

Ukipata TV na deki za volti 12 za moja kwa moja, unaiondoa inveta njiani. Na kwa kuwa filamu imegawanywa diski mbili, nusu ya kwanza itazame leo, ya pili kesho. Mgawanyo umefanywa kwa akili: filamu ya kwanza inakatika baraza la Elrond linapokwisha, msafara ukiwa umeundwa. Umeme ukikatika katikati, deki nyingi husahau ulipofika, kwa hiyo andika namba ya sura inayoonekana kwenye skrini ili uirukie.

Watoto wangu wanapenda The Hobbit na Harry Potter. Ninunue matoleo marefu? (Mzazi, Lindi)

Harry Potter, hapana. Filamu mbili za kwanza tu ndizo zenye toleo refu, moja ikiongezewa dakika 7 na nyingine 13, na hadithi haibadiliki. The Hobbit, nunua toleo refu la filamu ya pili pekee, yenye dakika 25 zaidi na mtu muhimu, baba yake Thorin, ambaye toleo la sinema halimwonyeshi kabisa. Ya tatu waepushe watoto: nyongeza zake ni za vita na vichwa kukatwa, hata Marekani ikaipandisha daraja la umri.

Naishi karibu na bahari. Diski zangu zinaota madoa meupe. Nizitunzeje? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Hayo meupe mara nyingi ni ukungu au chumvi. Osha diski kwa maji safi yenye tone la sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa laini kutoka tundu la kati kwenda ukingoni, usizungushe. Acha ikauke kivulini. Dawa ya meno inayosifiwa mitaani usiitumie. Kwenye DVD, data iko milimita 0.6 ndani, kwa hiyo kusugua kunaweza kusamehewa. Kwenye Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso, na ukikwangua kinga yake hakuna fundi wa kuirudisha. Zisimamishe wima ndani ya makasha yake, kabati lisiguse ukuta unaopigwa na upepo wa bahari, na uweke humo vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vikae miezi michache, kisha vibadilishe.