Re: Aloha, mahalo na vile vialama vya Kihawaii vinatamkwaje?

Mkuu, usiogope, irabu za Kihawaii ni a e i o u kama zetu tu, kwahiyo aloha na mahalo unasoma kama zilivyoandikwa, ya kwanza ni salamu, kuaga na pia upendo, ya pili ni asante, ukitaka kuzidisha sema mahalo nui loa.

Shida ni hivyo vialama ulivyouliza. Kile kama koma iliyogeuzwa juu (ʻ) kinaitwa ʻokina na ni konsonanti kabisa, unakata pumzi kooni kidogo afu unaendelea, usikiruke maana pau ni imekwisha ila paʻu ni masizi. Kistari juu ya irabu ni kahakō, hapo unavuta sauti. W mara nyingi inasikika kama v, ndo maana wengine wanasema Havaiʻi.

Ukifika huko utaelekezwa njia kwa mauka, upande wa mlimani, na makai, upande wa baharini, wenyewe kaskazini na kusini hawahangaiki nazo sana. Na chooni angalia vizuri, kāne ni wanaume, wahine wanawake 😂